Viza kwingine, bima kwingine: tumpunguzie mgeni wa Zanzibar usumbufu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotusumbua sana sisi wenye nyumba ndogo za wageni huku Kusini Unguja. Mgeni anafika Zanzibar viza ameshalipa, roho yake imetulia, halafu uwanjani anaulizwa bima iko wapi.

Sina ugomvi na bima yenyewe. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayetoka nje ya nchi anatakiwa awe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, nayo inadumu siku 92. Inahusu matibabu ya dharura, mizigo iliyopotea, hata kumrudisha mgonjwa kwao. Aliyeona wageni wanavyoanguka na vespa za kukodi huku Paje na Jambiani hawezi kusema haina kazi.

Tatizo ni njia mbili zisizokutana. Viza inaombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji: dola 50 kwa wageni wengi, dola 100 kwa Mmarekani. Bima ina tovuti yake, malipo yake na cheti chake. Sisi tunaelewa sababu, kwani uhamiaji ni jambo la Muungano na bima hii ni ya Serikali ya Mapinduzi. Lakini mtu wa Milano au Warsaw, Mambo ya Muungano atayajulia wapi? Yeye anajua anakwenda nchi moja na ameshaifungulia mkoba.

Chukua baba, mama na watoto wawili wa shule. Viza dola 200, bima dola 132, jumla 332. Familia iliyoambiwa hesabu hii wakati inakata tiketi inalipa bila neno. Ikiambiwa hizo dola 132 za bima uwanjani usiku, inaona imetegwa. Na hapo ndipo simu yetu inapoita: mgeni yuko kwenye foleni, intaneti ya simu yake haifunguki, mtoto analia, dereva wetu yuko nje na kibao chenye jina. Wengine wanajitetea kwamba wana bima ya kwao, nzuri tu. Haikubaliwi, na anayemweleza ni kijana wetu wa mapokezi, ambaye sheria hakuitunga yeye.

Wanaoshuka boti bandari ya Malindi, Unguja mjini, wakitoka Dar es Salaam wanashangaa zaidi. Wametoka Serengeti, pasi zao zimeshagongwa mhuri bara, na kwa akili zao hawajavuka mpaka wowote.

Kimya hiki cha kutomweleza mgeni mapema kinawanufaisha wajanja. Kuna tovuti za watu binafsi zinazojipamba kwa bendera yetu na kuuza viza kwa bei ya juu. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Ujerumani, mgeni wetu, alitozwa karibu mara mbili ya ada halali. Alipotuonyesha risiti niliona haya, ingawa fedha hiyo haikuingia Unguja wala Dodoma.

Ninachoomba si kupunguziwa ada. Tovuti ya Uhamiaji imuulize mwombaji kama atafika Zanzibar, na akijibu ndiyo, imletee bima hapo hapo, alipe mara moja, cheti kiende pamoja na viza. Serikali mbili zinazokaa meza moja kwa mambo makubwa kuliko hili haziwezi kushindwa. Mashirika ya ndege yapewe maelezo mafupi ya kuwatumia abiria kabla ya safari, nayo yawe pia kwa Kitaliano, Kifaransa, Kijerumani na Kipoland, maana hao ndio tunaowapokea kila siku.

Jengine ni hili: cheti cha bima kiandikwe kwa herufi kubwa namba ya kupiga mtu akiumia na hospitali ya kupelekwa. Mgeni wetu akivunjika mguu saa nane ya usiku tunataka tujue pa kumkimbiza na nani wa kumwamsha. Tunaomba namba hizo pia zibandikwe kwenye kila nyumba ya wageni iliyosajiliwa, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, na Pemba wasisahauliwe.

Mwenye nyumba ya wageni,
Jambiani, Unguja