Barua kwa mdogo wangu anayejiandaa kwenda Moshi kwa ligi

Mdogo wangu,

Nimeuona mpango wenu wa ligi, yaani kushindana mwendo kwenye barabara kuu. Magari tisa, mnakutana Bunju saa tisa usiku, mnakwepa foleni ya Kibaha kwa kupita Bagamoyo hadi Msata, na atakayefika Himo wa mwisho ndiye mnunua ndafu, yule mbuzi anayechomwa mzima. Tulipoongea kwa simu ulinijibu, "Dada, mimi naendesha kwa akili." Nakuamini. Hugusi pombe ukiwa na safari, na gari lako unalitunza kuliko wengi ninaowajua. Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye ligi akili yako peke yake haitoshi. Tena wako wenzako wengi watakaojipanga sheli usiku wa manane Desemba hii, nao wana dada na kaka wasiojua waanzie wapi kusema nao.

Sitajifanya kwamba raha yake siijui. Nimekaa kiti cha mbele kwenye hiyo Subaru Forester yako. Injini ya boksa, pistoni zimelala zikitazamana kushoto na kulia, na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu ndiyo yanayotoa ule mngurumo wa kukatakata ambao watoto wa mtaani wanautambua kabla gari halijakata kona. Unakanyaga, kwa muda mfupi hakuna kitu, halafu turbo inajaa na mgongo unabanwa kwenye kiti. Nilicheka kwa sauti siku ile, unakumbuka. Na mkiwa wengi inanoga zaidi: taa za mwenzako mbele gizani, simu ya kundi iko spika, aliye mbele anaita "njoo, njoo, kweupe," nanyi mnachomoka mmoja baada ya mwingine kulipita lori la mizigo linalopumulia mlima.

Juu ya hapo kuna heshima. Mtu amehangaika Dar mwaka mzima, sasa anakwenda nyumbani kuhesabiwa, anataka aonekane amefika. Kilomita kama 560 hivi, na stori itakayozunguka kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ni ya saa ngapi ametumia. Picha ya dashibodi mshale ukiwa 180 inapata sifa kuliko picha ya bibi. Aliyefika kwa saa tisa na watoto wake wote wazima hakuna anayempigia makofi.

Hapo penye "njoo, kweupe" ndipo ninapotaka tukae kidogo. Basi linatembea kilomita 80 kwa saa, wewe uko 140. Ili ulipite na kurudi upande wako bila kulibana unahitaji kama sekunde nne. Ndani ya hizo sekunde nne umekwenda mita 155. Anayekuja mbele yako, tuseme naye ana haraka zake za kushuka Dar kwa 140, naye amekula mita 155. Mita 310 za barabara zimekwisha. Sasa wa kwanza aliyeita aliona kweupe kweli. Wa pili alichomoka sekunde mbili baadaye, wa tatu sekunde nne baadaye, na ule weupe uliosifiwa haupo tena. Gari la tatu halioni kitu isipokuwa taa nyekundu za gari la pili. Linapita kwa macho ya mtu mwingine. Ndiyo maana nasema akili yako haitoshi: ukiwa kwenye msafara huo, anayeamua kama utaovateki ni mtu aliye mita mia mbili mbele yako, ambaye kwa wakati huo shida yake ni asipitwe.

Na barabara hiyo unaifahamu. Ni njia moja kwenda na moja kurudi karibu safari nzima. Februari 2023 pale Magila Gereza, Korogwe, Coaster iliyobeba msiba kutoka Dar kwenda kuzika Kilimanjaro ilikutana uso kwa uso na Fuso lililokuwa linajaribu kulipita gari lingine. Watu 17 walikufa, na idadi ikaongezeka baadaye. Dereva wa Coaster hakuwa kwenye mashindano yoyote. Alikuwa upande wake, anapeleka wafiwa nyumbani. Nikiwaza ligi yenu, watu wa aina hiyo ndio wanaonijia kichwani kabla yako wewe, unisamehe kwa kusema hivyo. Wewe umekubali hatari hiyo kwa hiari. Wao hawakuulizwa.

Tena ni wengi mno. Ukitoka Mkata kuelekea Segera kuna wauza machungwa wa Michungwani, wengine watoto, wanakimbilia kila basi linalopunguza mwendo. Kuna wafugaji wanaovusha ng'ombe asubuhi na mapema, na ng'ombe mweusi gizani humuoni mpaka umemfikia. Kuna bodaboda isiyo na taa ya nyuma imebeba mama mjamzito. Hawa wote wanaukadiria mwendo wa gari kwa mazoea. Mama anayevuka Hedaru akiona taa zako kule mbali anapiga hesabu ya gari la 80, anaingia barabarani. Wewe uko 150. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa kila gari alilowahi kuliona, isipokuwa lako.

Ukifunga breki kutoka 100 kwenye lami kavu, matairi yakiwa mazuri, pamoja na ile sekunde moja ya kushtuka, utasimama baada ya mita 85 hivi. Kutoka 160 ni karibu mita 190. Watu wanadhani mwendo ukiongezeka mara mbili kishindo nacho kinaongezeka mara mbili. Kinaongezeka mara nne. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, zaidi ya malaria, zaidi ya UKIMWI. Wewe na karibu wote mnaokwenda Moshi mko humo.

Nakuja kwenye matairi, maana najua hapo umebana matumizi. Inama uyatazame. Pembeni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Zikiwa 2316 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama muuzaji amelipaka dawa likang'aa. Halafu tafuta herufi inayofuata namba za saizi. Ndiyo inayotaja mwendo wa juu ambao tairi linaustahimili: H ni mwisho kilomita 210 kwa saa, T ni 190, Q ni 160. Matairi mengi ya theluji yaliyokuja na magari kutoka Japani yana hiyo Q. Mtu anavaa tairi la mwisho 160, la miaka minane, upepo haujapimwa tangu Oktoba, anapakia watu watano na mabegi, kisha anataka mshale ufike 180 juu ya lami ya Same saa saba mchana. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, linachemka kwa ndani, na likipasuka kwa mwendo huo, usukani hauna la kukusaidia. Juni 2025, hapo hapo Same, eneo la Sabasaba, basi na gari dogo la abiria viligongana vikashika moto, watu zaidi ya 30 wakafa, na taarifa za awali zilitaja tairi la basi kupasuka. Nakutajia hilo kwa sababu wewe utakuwa unapishana na mabasi kama hayo siku nzima. Siku tairi la mwenzio litakapopasuka, kitakachokuokoa ni nafasi na mwendo mdogo, vitu viwili ambavyo mtu wa ligi hana.

Mambo ya trafiki sitayasema sana. Faini ni 30,000, tochi za kupima mwendo mnazijua zilipo, na mkipishana mnawashiana taa kuonyana. Kibao cha 50 kiliwekwa kwa ajili ya wale wa machungwa, na mkiwashiana taa mnawazuia askari wasiwalinde watu hao. Hilo linaniuma kuliko faini.

Na muda wenyewe ni upi? Kilomita 100 kwa mwendo wa 100 ni dakika 60. Kwa 140 ni dakika 43. Umepata dakika 17, kama hukukuta tuta, mizani wala lori lililoharibika. Hapo nimekuhesabia 140 mfululizo, kitu ambacho kwenye barabara hiyo hakiwezekani. Bibi pale Marangu hajui utafika saa ngapi na wala hahesabu. Anachojua ni kwamba mwaka huu mnakuja wote, na ameshaanza kuuliza nani atalala chumba gani.

Kiu ya mwendo siidharau. Mashindano ya kweli yapo hapa nchini. Chama cha magari, AAT, kinasimamia mbio za kitaifa, na Iringa kuna Mkwawa Rally ambayo watu wanaacha shughuli zao kwenda kuitazama. Barabara inafungwa, gari lina fremu ya chuma ndani, dereva ana helmeti na mikanda ya mabegani, pembeni yake yuko navigeta anayemsomea kona kabla hajaifikia, na gari la wagonjwa linasubiri. Nenda hata kama mtazamaji kwanza. Mafundi wa kule watakufundisha Subaru kuliko kundi lolote la WhatsApp, na ukitaka kujua kama una kipaji, utapimwa na saa badala ya kupimwa na lori.

Najua kitakachokuwa kigumu ni kujitoa kwenye kundi. Watakuita muoga, watakutumia katuni. Waambie dada yako amekuomba umuendeshee, uongo huo nitaubeba mimi; na ukitaka uwe ukweli, basi kweli nakuomba. Naondoka tarehe 21 saa kumi na moja alfajiri kutokea Mbezi, na wanangu wawili nyuma. Tutakunywa chai Korogwe, tutapumzika Same, tutaingia Marangu jua likiwa bado lipo. Ukipenda njoo na Forester yako, nitakufuata nyuma, na mwendo utaupanga wewe ukijua watoto wanakutazama kupitia kioo cha mbele cha gari langu.

Wewe ukikataa, angalau usimpakie yule mdogo wetu wa kidato cha pili. Alishanipigia akiwa na furaha kwamba umemuahidi kiti cha mbele ili arekodi dashibodi. Huyo atakuja na mimi, hilo nimeshaamua na mama yake analijua.

Kesho lipeleke gari kwa fundi akakague matairi, breki na shokapu, na unitumie picha ya zile tarakimu nne kwa kila tairi. Ya mbele mawili nalipia mimi. Nipigie kabla ya Jumapili nijue saizi niende dukani.

Dada yako