Njia za baiskeli Pugu-Kazimzumbwi zianze na maji, si kilomita

Ndugu Mhariri,

Kila zinapozungumzwa njia za baiskeli zisizopitiwa na magari ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, swali la kwanza huwa ni kilomita ngapi. Sisi tunaopanda baiskeli na kutengeneza njia za udongo tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuseme jambo linalopaswa kutangulia kilomita, nalo ni namna njia yenyewe inavyochimbwa.

Huu si msitu wa kupandwa. Ni kipande kilichobaki cha misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Una mimea kama Baphia puguensis na Millettia puguensis, ambayo majina yake ya kisayansi yametokana na Pugu yenyewe. Chini ya miti hiyo anaishi sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, anayefukua majani makavu mchana kutafuta wadudu, saa zilezile tunazopita sisi. Greda likiingizwa humo kufungua barabara ya mita 4, matawi ya juu yanaachana, jua linapiga ardhi, na lantana, kichaka vamizi cha kigeni, inatangulia kuota kabla ya mche wowote wa asili. Njia ya kwenda upande mmoja inatosha kuwa na upana wa mita 1, ikizidi sana mita 1.2. Matawi yakatwe hadi kimo cha mita 2.5 tu, na juu ya hapo yaachwe yaendelee kukutana.

Tairi huiharibu njia kidogo. Maji ndiyo huiua. Udongo wa vilima vya Pugu una mchanga mwingi na kaolini, ule udongo mweupe uliochimbwa kwenye mapango yake. Mchanga huchukuliwa na maji kirahisi, na kaolini ikilowa huteleza kama sabuni. Njia ikielekezwa moja kwa moja kutoka kileleni hadi bondeni, mvua ya kwanza ya masika huifanya mfereji. Mpanda baiskeli anayekuta mfereji hupita pembeni, wa pili hupita pembeni zaidi, na njia ya mita 1 inakuwa mita 3 bila mtu yeyote kukusudia. Udongo uliotoka hapo haupotei. Mto Msimbazi unaanzia vilima hivihivi, na wakazi wa Jangwani, kwenye bonde la mto huo jijini Dar es Salaam, wanajua mchanga huo unaishia wapi.

Kwa hiyo njia ikate ubavu wa kilima kwa kukizunguka. Kwa udongo wa Pugu tunapendekeza isishuke zaidi ya sentimita 70 kwa kila mita 10, yaani asilimia 7. Pamoja na hayo, mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima kinachopitiwa. Mahali ambapo kilima chenyewe kina asilimia 10, njia iwe na asilimia 5 au pungufu, la sivyo maji yataifuata njia badala ya kuivuka. Kosa hili hufanyika zaidi kwenye ardhi inayoonekana karibu tambarare, kwa kuwa hapo hakuna anayehangaika kupima.

Kupima hakuhitaji mtambo. Fremu A, ambayo wakulima wa milimani huitumia kuweka makinga maji, inatosha kabisa: fito mbili ndefu, moja fupi ya kukatiza, uzi na jiwe. Miguu ikiwa imeachana mita 2, ongeza kipande cha mti cha sentimita 14 chini ya mguu wa upande wa kushukia. Uzi ukitulia kwenye alama ya katikati, mteremko ni asilimia 7 kamili. Piga vigingi, sogeza fremu, endelea. Watu wawili wanaweza kuweka vigingi kwenye mstari mrefu kwa siku moja. Kisha mstari huo utembelewe tena mvua ikiwa inanyesha, kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa, kwa kuwa mvua huonyesha vijito ambavyo kiangazi huvificha.

Kuchimba kuna mpangilio wake. Kwanza ondoa majani na udongo mweusi wa juu, sentimita 10 hadi 15, mpaka ufike kwenye udongo mgumu. Njia inayojengwa juu ya mboji hufyonza maji na kubonyea. Kata ubavu kwa sururu mpaka upana wote ukae juu ya ardhi ya asili, kwa maana udongo wa kujaziwa upande wa chini hubomoka mapema. Ukingo wa nje uwe chini kuliko wa ndani kwa sentimita 5 kwa kila mita 1 ya upana. Kisha, kila baada ya mita 10 hadi 15, njia ipande kidogo, kama sentimita 30 hivi kwa urefu wa mita 3, ndipo iendelee kushuka. Bonde dogo linalotokea hapo ndilo linaloyatoa maji nje. Udongo uliochimbwa utupwe mbali na kusambazwa. Ukiachwa umerundikana kwenye ukingo wa nje unakuwa ukuta, na maji yanarudi njiani. Kazi hii ifanywe Juni, masika yakiisha, udongo ungali na unyevu. Udongo mkavu haushindiliki hata ukipigwa kutwa.

Mizizi inahitaji ukali zaidi. Chukua kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, zidisha mara 12, na usichimbe ndani ya umbali huo. Kwa mvule wenye sentimita 60 ni zaidi ya mita 7. Kuifukia mizizi kwa udongo ili njia iwe laini si dawa, kwani mizizi hukosa hewa na mti huanza kukauka kileleni miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kilichofanyika. Zunguka mti. Kwenye korongo tandika mawe makubwa, usiweke bomba, maana huziba kwa majani msimu mmoja. Panapohitajika daraja, nguzo zikae juu ya mawe zisiguse udongo, kwa ajili ya mchwa. Mbao zilale kukatiza mwelekeo wa tairi, na juu yake upigiliwe waya wa kuku asiteleze mtu.

Waenda kwa miguu nao watapita humo. Baiskeli yenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa inahitaji kama mita 14 kusimama kwenye udongo mlegevu, ukihesabu na muda wa kushtuka. Pale ambapo wapanda baiskeli wawili wanaweza kukutana uso kwa uso, kona ionekane kwa mita 30, au njia ibanwe kati ya mawe mawili kabla ya kona ili kila mtu apunguze mwendo. Tunawasihi pia wapanda baiskeli wenzetu: usifunge breki ya nyuma mpaka tairi liburuzike, maana mburuzo mmoja hufungua mfereji. Na tairi likiacha alama yenye kina cha sentimita 2, geuza urudi. Machi hadi Mei njia za mteremkoni zifungwe, mvua inyeshe isinyeshe, watu watumie barabara za zamani zilizo tambarare, ambazo ndizo zinazowafaa watoto hata kiangazi.

Jambo la mwisho ndilo linalotutia hofu zaidi. Njia nzuri ya baiskeli ni njia nzuri pia ya kutolea mkaa msituni. Kuweka nguzo za kubana njia hakusaidii, kwani usukani wa pikipiki hauna tofauti kubwa na wetu. Kinachozitofautisha ni uzito. Baiskeli ya milimani ina kilo 12 hadi 15, pikipiki ina zaidi ya kilo 100, na baiskeli iliyopakia magunia mawili ya mkaa haiinuliki na mtu mmoja. Gogo lililolazwa kwa kimo cha sentimita 50 kukatiza njia, likafungwa kwenye nguzo zilizozamishwa sentimita 80, huvukwa na anayebeba baiskeli yake mikononi, na wengine hushindwa. Liwekwe mahali penye korongo au kichaka kizito pande zote mbili, si penye uwazi, la sivyo kesho yake kutakuwa na kichochoro. Wasioweza kuinua baiskeli, na wenye viti vya magurudumu, waingilie lango kuu lenye mlinzi. Tunaiomba Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania iweke magogo hayo kwenye kila mwanzo wa njia kabla njia yenyewe haijachimbwa, na viongozi wa vijiji vinavyouzunguka msitu washirikishwe kuchagua mahali pa kuyaweka, kwa kuwa wao ndio wanaovijua vichochoro vyote.

Wapanda baiskeli,
Kisarawe, Pwani