Mwanangu anaamka saa nane usiku akimwita dada aliyeondoka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike mwenye mwaka mmoja na miezi minane, tunaishi Tanga mjini. Tangu atimize mwaka, mtoto huyu hakuwa na usumbufu wa usiku. Akishakula na kuogeshwa, saa mbili na nusu yuko ndani ya chandarua, na mpaka adhana ya alfajiri humsikii. Sasa mambo yamegeuka ghafla. Ikifika saa saba au saa nane anaamka, anakaa kitako kitandani na kuita, "Dada! Dada!" Nikimbeba ananyamaza, nikimlaza anaanza upya. Siku nyingine halii kabisa, anataka ashushwe akacheze na masufuria. Tunakwenda hivyo hadi karibu saa kumi, ndipo anapolala fofofo, nami muda si mrefu natakiwa kujiandaa kwenda kazini.

Nilidhani anaumwa, nikampeleka zahanati. Muuguzi akampima joto na malaria, akamtazama koo na masikio, akisema mtoto mwenye sikio bovu huzidiwa na maumivu akilazwa. Akaniuliza kama anajikuna makalio usiku, maana kuna minyoo midogo inayowasha saa hizo. Hajikuni, na dawa ya minyoo alipewa mwezi wa sita pamoja na matone ya vitamini A. Chonge zinachomoza kweli na ufizi umevimba kidogo, ila mchana anatafuna muhogo bila wasiwasi, kwa hiyo meno peke yake hayaniingii akilini. Muuguzi akamalizia kwa kuniuliza nini kimebadilika nyumbani.

Yamebadilika mawili, na yamekuja kwa pamoja. Dada wa kazi aliyekuwa naye tangu akiwa mchanga amerudi kwao Lushoto kuolewa. Huyo ndiye aliyekuwa akimlisha, akimbeba mgongoni na kumlaza mchana. Kwa sasa nampeleka kwa mama mmoja wa mtaani anayelea watoto watatu. Ni mtu mzima, msafi, ana mapenzi na watoto na malipo yake naweza kuyamudu. Ila mama huyu anakaanga bagia za kuuza jioni, na ili watoto wasisogelee karai la mafuta huwalaza alasiri, saa kumi hivi. Nikifika baada ya saa kumi na moja namkuta mwanangu bado amelala. Zamani alikuwa analala baada ya chakula cha mchana na saa nane ameshaamka.

Muuguzi aliniambia mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa usiku na mchana pamoja. Nikipiga hesabu, zinakaribia kutimia. Tatizo ni kwamba zimehama, anakuwa macho wakati mimi nahitaji kulala.

Ushauri wa nyumbani nao umekuwa mwingi. Mama mkwe anasema mtoto ana jicho la watu, akamfunga mvuje kwenye kitambaa cheusi. Sina ugomvi na mvuje, wala sipendi kumvunjia heshima, lakini harufu yake ndani ya chandarua imetosha kuninyima hata ule usingizi kidogo niliobakiwa nao. Jirani akaniambia nimpe kijiko cha dawa ya mafua, atalala mpaka asubuhi. Hilo nimelikataa. Muuguzi alikuwa mkali kweli juu yake, akasema dawa za aina hiyo si za kulazia watoto na zinaweza kumdhuru.

Mume wangu anasema, "Mwache alie, atazoea." Yeye ana zamu za usiku, hayupo wakati kilio kinapoanza! Tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya familia nne, na kuta hazifiki kwenye bati. Mtoto akilia kwetu, amelia kwa wote. Chumba cha jirani yupo mvuvi anayetoka alfajiri, na ameshagonga ukuta. Hivyo akianza tu namnyanyua haraka, na usiku mwingine nampa ziwa ingawa alikuwa ameshaacha kunyonya usiku na kubakiza la jioni. Mama mkwe anafurahi nikifanya hivyo. Mimi naogopa ataamka kila siku kulifuata.

Shangazi, na wazazi wenzangu mliopitia haya, nisaidieni. Kwanza, nimwambieje huyu mama mlezi abadilishe saa za kuwalaza watoto bila aone namfundisha kazi? Ana umri wa mama yangu, na bagia ndizo zinazomlisha. Nimefikiria kumwomba amlaze mwanangu peke yake baada ya chakula cha mchana, lakini najua saa kumi atakuwa macho karibu na moto. Pili, katika nyumba kama yetu, mtoto anatulizwaje bila kubebwa wala kunyonyeshwa?

La mwisho ni la dada. Anatupigia simu karibu kila jioni, naye mtoto akiisikia sauti anacheka, kisha anaigeuza simu na kumtafuta nyuma yake. Mume wangu anataka tuache kwanza, anaona tunamtonesha mtoto kidonda. Mimi naona tukikata na sauti, itakuwa kama dada ametoweka. Mngekuwa nyinyi mngeendelea kumpa simu, au mngesubiri kwanza azoee?

Mama Mkesha,
Tanga