Kabla hatujakuuzia dawa ya homa, tutakuuliza umemeza nini

Kwenye kaunta ya duka letu la dawa hapa Umoja, mteja akiomba dawa ya homa tunamuuliza kwanza ametumia nini tangu asubuhi. Wengine huudhika. "Daktari, nipatie tu, matatu inaniacha." Haraka tunaielewa, lakini hatuulizi kwa udaku.

Tuseme umemeza Panadol mbili asubuhi, mchana na jioni. Kila tembe ina miligramu 500 za parasetamoli, kwa hiyo hapo ushafika gramu 3. Halafu ukaongeza dawa ya mafua ya mchanganyiko, mbili mara tatu. Nyingi ya hizo nazo zina parasetamoli, na utaiona tu ukigeuza pakiti na kusoma yale maandishi madogo. Kama ni 500 tena, jumla ni gramu 6. Mtu mzima mwenye afya hafai kuvuka gramu 4 kwa saa 24, na mtu wa pombe kila siku au aliyekonda sana anatakiwa atumie chini ya hapo.

Ini ndilo huivunja parasetamoli. Sehemu ndogo yake hugeuka sumu, ambayo ini huizima kwa akiba yake ya glutathioni, kinga ambayo mwili hujitengenezea. Akiba ikiisha, sumu hiyo inashambulia ini lenyewe. Ubaya ni kwamba siku ya kwanza unaweza kuhisi kichefuchefu tu, au usihisi chochote, kumbe ini linaharibika. Dawa ya kuizuia, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Ukigundua umezidisha, nenda hospitali hapo hapo. Usisubiri kuumwa.

Kuna dawa nyingine zisizopatana. Rifampisini ya TB hulifanya ini livunje upesi homoni za vidonge vya kupanga uzazi, na mimba inaweza kuingia. Dolutegraviri, dawa ya VVU, haimezwi pamoja na dawa za asidi ya tumbo zenye magnesi au alumini: imeze saa 2 kabla yake, au saa 6 baada. Ibuprofeni kwa mtu wa presha? Tuongee kwanza, kwa sababu inaweza kuumiza figo.

Njoo na pakiti zote, hata za mitishamba, au uzipige picha. Tunazikagua bila malipo. Kama hutaki kutaja dawa zako mbele ya foleni, omba tuongee pembeni. Jioni watu wakitoka kazini hapa hujaa; asubuhi tuna nafasi zaidi.