Simu za kesho ziingie nchini zikiwa zinatengenezeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), waagizaji wa simu, na kila anayejipanga kununua simu. Maongezi mengi kuhusu simu za kesho ni ya akili unde, vioo vya kukunja na saa zinazopima mapigo ya moyo. Sina ugomvi na hayo. Lakini kwa mwananchi ambaye simu ndiyo pochi yake na ofisi yake, kuna maswali matatu ya kuulizwa kwanza. Betri ikichoka, itatoka? Kipuri kitapatikana? Programu itasasishwa hadi lini? Naomba majibu ya maswali haya yawe sharti la simu kuingia nchini, mnunuzi asiachiwe kubahatisha.

Nianze na betri, maana ndiyo inayotangulia kufa. Betri ya lithiamu huchoka hata ikitunzwa. Seli nyingi za simu zimekuwa zikitengenezwa kwa makadirio ya kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata kama umechaji mara mbili kutoka 50 hadi 100. Anayemaliza chaji yote kila siku anafika hapo kwa mwaka mmoja na miezi minne au mitano. Joto linaufupisha muda huo. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda juani, inaonyesha ramani na wakati huohuo inachaji, inavuka nyuzi 45 za Selsiasi bila shida, na hicho ndicho kikomo cha kuchajia seli nyingi. Simu yenye ulinzi mzuri hupunguza chaji au huikata. Yenye ulinzi hafifu huendelea, kimiminika cha ndani ya seli kinachambuka na kutoa gesi, betri inavimba na kuinua mfuniko au kioo. Betri iliyovimba haitobolewi ili gesi itoke na haichajiwi tena. Inatolewa.

Kuitoa ndiko kwenye mgogoro. Wasomaji wengi wanaikumbuka betri ya BL-5C iliyokuwa kwenye Nokia 1100 ya mwaka 2003. Mfuniko ulifunguliwa kwa kidole, betri ikachomolewa kwa ukucha. Mwaka 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zinaweza kupata joto la kupindukia zikichajiwa. Mteja alitakiwa kusoma namba za nyuma ya betri, kuichomoa na kubadilishiwa. Simu ilibaki mfukoni mwake. Miaka tisa baadaye, mwaka 2016, Samsung Galaxy Note 7 zilianza kuwaka moto kwa kasoro ya betri. Safari hii betri ilikuwa imegandishwa ndani, kwa hiyo zilirudishwa simu nzima nzima na uzalishaji wa modeli hiyo ukasitishwa. Kasoro ilikuwa kwenye kipande kimoja, hasara ikawa ya kifaa kizima.

Kwa asiyejua kinachotokea mezani kwa fundi, kubadilisha betri iliyogandishwa huwa hivi. Kwanza chaji inashushwa chini ya asilimia 25, kwa sababu seli iliyojaa ikitobolewa hulipuka kwa nguvu zaidi. Mfuniko wa nyuma unapashwa hadi nyuzi 80 hivi ili gundi ilainike, kisha unavutwa kwa kifyonzeo na kupitishiwa kadi ya plastiki pembeni. Kadi isizame sana, kwani chini yake kuna utepe wa kitufe cha kuwashia au wa kitambua alama za vidole, na ukikatika hapo umeongeza tatizo juu ya tatizo. Baada ya skrubu, waya wa kwanza kuchomolewa ni wa betri yenyewe, kabla ya kioo wala kamera. Fundi anayechomoa kioo huku bodi ina umeme anaweza kuunguza saketi ya mwanga wa kioo, halafu mteja akaambiwa kioo nacho kimekufa.

Kisha inakuja gundi ya betri. Kama mtengenezaji ameweka utepe wa kuvuta, unavutwa taratibu ukiwa umelala, na betri inaachia yenyewe. Kama hakuweka, inadondoshewa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 pembeni, inaachwa dakika mbili tatu, halafu inasukumwa kwa kadi ya plastiki au kukatwa kwa uzi. Bisibisi haitumiki. Ndani ya seli, tabaka chanya na hasi hutenganishwa na utando wa plastiki wenye unene wa maikroni 20 au pungufu, ambao ni mwembamba kuliko unywele. Ukiikunja betri au kuichokonoa kwa chuma, matabaka yanagusana na moshi unaanza, na moshi huo una floridi ya hidrojeni inayochoma mapafu. Ndiyo maana ndoo ya mchanga haikosekani chini ya meza ya fundi makini. Tena katika simu nyingi kioo cha OLED kiko nyuma tu ya bamba jembamba lililobeba betri, kwa hiyo mkono ukikandamiza kupita kiasi, mstari wa rangi unatokea upande wa pili. Kazi ya nusu dakika kwenye Nokia 1100 imekuwa kazi ya saa nzima yenye hatari tatu, na zote zinatokana na uamuzi wa mtengenezaji wa kutumia gundi badala ya skrubu.

Umoja wa Ulaya umeliona hilo na kuchukua hatua. Kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inasema kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kwa zana zinazopatikana madukani, bila kuhitaji joto wala kemikali za kuyeyushia gundi. Simu zina kanuni yao nyingine, iliyoanza tarehe 20 Juni 2025. Betri ibaki na angalau asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Vipuri vya msingi vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Masasisho ya mfumo yatolewe kwa angalau miaka 5 tangu modeli iache kuingizwa sokoni. Boksi nalo linabeba lebo yenye idadi ya mizunguko ya betri, daraja la kuhimili kuanguka, na daraja la urahisi wa kutengenezeka kuanzia A hadi E. Kanuni hiyo ina mlango wa pembeni: simu isiyopitisha maji, ambayo betri yake inabaki na asilimia 83 baada ya mizunguko 500 na asilimia 80 baada ya 1,000, inaruhusiwa kuachiwa fundi badala ya mtumiaji. Mimi siuchukii mlango huo. Betri inayodumu mizunguko 1,000 ni afadhali kuliko mfuniko wa kufungua kwa ukucha wenye seli duni ndani yake.

Hofu yangu ni kwamba modeli isiyokubalika tena Ulaya itatafuta soko kwingine, na kwingine ni huku kwetu.

Kuna jambo la vipuri ambalo wateja wengi hawalijui. Betri iliyoandikwa 5,000 mAh si lazima iwe na ujazo huo kweli. Ipime kwenye mizani. Seli halisi ya ujazo huo huwa na gramu 65 hadi 75 hivi, na ikija na gramu 45, uwezo huo haumo. Angalia pia volti ya kikomo cha chaji iliyoandikwa juu yake. Simu nyingi za sasa hujaza hadi volti 4.4 au 4.45, wakati seli za zamani ziliishia 4.2. Ukiweka seli ya 4.2 kwenye simu inayojaza hadi 4.45, ama bodi ndogo ya ulinzi inakata na chaji haifiki 100, ama seli inajazwa kupita uwezo wake na kuvimba mapema. Kipuri halisi kingekuwa kinapatikana kwa bei inayoeleweka, biashara hii ya kopi ingepungua yenyewe. Na kipuri halisi kikipatikana, kisizuiwe na programu. Baadhi ya simu huhifadhi namba ya kila kipande, na ukihamisha kioo au betri halali kutoka simu moja kwenda nyingine ya aina hiyohiyo, zinatoa onyo au zinazima baadhi ya huduma. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha mwaka 2024 sheria ya kukataza mtindo huo.

Baada ya betri, kinachofuata kuharibika ni tundu la chaji. Katika simu nyingi za bei nafuu tundu liko kwenye bodi ndogo ya chini inayochomolewa na kubadilishwa bila kuchomelea. Katika nyingine limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na fundi asiye na mkono mzuri anaweza kuiua simu. TBS inaweza kuliona hilo kwa kufungua simu moja tu ya mfano.

Kuhusu USB-C, Ulaya imeifanya lazima kwa simu, tableti, spika za kubebeka na vipokea sauti tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa laptopu kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Hapa kwetu tundu hilo limeenea, lakini mengi yanadanganya. USB-C ina pini 24, na mbili kati yake, ziitwazo CC, ndizo zinazokitambulisha kifaa kwa chaja. Kifaa kinachopokea umeme kinatakiwa kuwa na rezista (kipande kidogo cha kuzuia umeme) ya kiloomu 5.1 kwenye kila moja ya pini hizo, na chaja ya USB-C isipoziona haitoi umeme. Watengenezaji wa tochi, redio na mashine za kunyolea za bei ya chini huziacha ili kubana senti. Matokeo yake kifaa kinachaji kwa waya wa zamani wenye kichwa bapa upande wa chaja, lakini kwa waya wa C kwa C hakishtuki. Mteja anadhani chaja imekufa, ananunua nyingine, nayo inakataa. Kipimo chake ni cha sekunde kumi: chomeka kifaa kwenye chaja ya USB-C kwa waya wa C kwa C. Kisipochaji, kontena lirudi lilikotoka.

Masasisho nayo yana tarehe ya kuisha kama dawa. Google kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 mwaka 2024, ziliahidi miaka 7. Simu nyingi za bei ya chini huahidiwa muda mfupi zaidi, na nyingine haziahidiwi chochote. Boksi linatangaza megapikseli za kamera kwa herufi kubwa, lakini mwaka wa mwisho wa masasisho ya usalama hutauona. Kwenye laptopu tumeshaonja: Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, yaani sehemu ya kulinda siri za kompyuta. Anayenunua laptopu ya mtumba asome namba ya prosesa. i5-7200U ni kizazi cha 7 na haipiti, i5-8250U ni cha 8 na inapita. Iliyobaki nyuma bado inafaa kwa Linux, ila muuzaji amwambie mteja kabla ya kupokea fedha.

Uwezo wa kusimamia haya tunao. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia kwa kutumia namba za IMEI, zilezile unazoziona ukibonyeza *#06#. Kama namba ya kila simu inaweza kukaguliwa, hata ahadi ya mwagizaji inaweza kukaguliwa. Naomba basi kila modeli inayoombewa kibali iwasilishwe na betri yake ya akiba, bei ya betri hiyo, kioo na bodi ya chaji kwa shilingi, mwongozo wa kuifungua, na mwaka wa mwisho wa masasisho, ambao uchapwe nje ya boksi kwa Kiswahili. Gundi ya betri iwe na utepe wa kuvuta, au zitumike skrubu za kichwa cha kawaida. Betri zilizotolewa zipokelewe na mwagizaji. Ndani yake mara nyingi kuna kobalti, ambayo sehemu kubwa ya dunia inaipata Kongo, Kolwezi ikiwa kitovu chake, na haistahili kuishia dampo la Pugu.

Waagizaji watasema masharti haya yatapandisha bei. Baadhi ya modeli zitapanda kidogo, ni kweli, ila simu ya miaka mitano iliyobadilishwa betri mara mbili ni nafuu kuliko simu tatu. Tena viwanda vinavyotaka kuuza Ulaya vinalazimika kuchora upya simu na vifaa vyao kwa ajili ya soko hilo. TBS na TCRA zikitangaza sasa kwamba masharti ya hapa yataanza siku hiyohiyo, tarehe 18 Februari 2027, mwagizaji ana muda wa kutosha wa kuagiza modeli ambazo tayari zimetimiza.

Fundi simu na kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam