Hamisi, hiyo 118 usiionee aibu

Arusha,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku ni wazima. Mvua zimekatika, baridi ya Juni imeingia kwelikweli, asubuhi mpira unaupiga na vidole havina habari.

Ujumbe wako nimeusoma mpaka mwisho. Unasema umemaliza raundi ya gofu kwa mikwaju 118 pale uwanja wa Lugalo, Dar, kwamba wenzako wa ofisini wote wanapiga themanini na kitu (na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye bora), na kwamba unafikiria kuziuza fimbo. Usiziuze kwanza. Mimi nilianza kubeba mabegi ya watu tukiwa bado shuleni, miaka mingi kabla sijashika fimbo yangu mwenyewe, na kama kuna kitu ninachokijua katika mchezo huu ni hesabu ya mtu mwingine.

Tuanze na hiyo themanini na kitu. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 kiwango chake ni mikwaju 72. Mtu anayepoteza mkwaju mmoja kila shimo, bogi kuanzia la kwanza hadi la 18, anamaliza na 90. Sasa huyo mwenzako wa 82 ni kama kusema mashimo manane ameyamaliza sawasawa na kiwango, na kumi yaliyobaki amepoteza mkwaju mmoja mmoja tu. Mpira mmoja ukizama majini, au ukitoka nje ya mipaka, hesabu yote imevurugika. Wapo wanaoweza, ninawajua, nimewabebea. Utawatambua kwa jambo moja: hawatangazi mikwaju yao. Wanalalamikia pati, ule mkwaju mfupi wa kuuviringisha mpira shimoni, ya futi nne waliyoikosa shimo la kumi na moja.

Ukitaka takwimu, nenda kwa Wamarekani, maana wale wanahesabu kila kitu. Shirika lao la gofu, USGA, linatunza handikepi, yaani makadirio ya mikwaju ambayo mtu huzidi kiwango, za watu zaidi ya milioni 3. Wastani wa wanaume ni kama 14, wa wanawake kama 28. Najua utakachofanya: utajumlisha 14 na 72, utapata 86, utasema kumbe kweli nimeachwa mbali. Subiri. Tangu 2020 nchi nyingi tunatumia mfumo mmoja wa handikepi, na mfumo huo hauchukui wastani wa raundi zako zote. Unaangalia raundi 20 za mwisho, unaziweka kando 12 mbovu, unakokotoa kwa zile 8 nzuri. Tena shimo ulilopiga kumi na mbili haliingizwi kumi na mbili. Kila shimo lina kikomo, kinachozidi kinakatwa. Kwa hiyo handikepi inaeleza mtu anavyocheza siku aliyoamka vizuri. Mwenye 14 anategemewa kuifikia kama mara moja katika raundi nne au tano. Siku nyingine yuko juu yake kwa mikwaju miwili, mitatu, pengine kumi. Mmarekani huyo wa wastani, Jumamosi ya kawaida, anapiga karibu 90.

Na huyo ndiye aliyejiandikisha! Mwaka 2023 Marekani ilikuwa na watu zaidi ya milioni 26 waliokanyaga uwanja wa gofu. Wenye handikepi ni kama mmoja kati ya wanane. Hao saba waliobaki ni akina nani? Ni mtu anayecheza mara mbili kwa mwaka na shemeji zake, ni mfanyakazi aliyealikwa siku ya kampuni, ni mzee anayefuata kutembea na hewa safi. Hao hawamo kwenye wastani wa mtu yeyote. Mimi kwa macho yangu ya kedi, mbeba mabegi, nasema wengi wao, wakihesabu kwa kanuni kila mkwaju, hawashuki chini ya 100.

Kinachonichekesha ni vifaa. Mwaka 1991 wastani wa wanaume wa Marekani ulikuwa 16 na kidogo. Halafu zikaja draiva, zile fimbo za mkwaju wa kwanza wa mbali, za titani zenye kichwa kikubwa kama embe dodo, ikaja mipira mipya, yakaja mafunzo ya video ambayo mtu anayaangalia mpaka kwenye foleni ya benki. Miaka thelathini yote hiyo imepunguza kama mikwaju miwili.

Baa nayo ina hadithi zake kuhusu kinachomtofautisha fundi na sisi. Utasikia, "Gofu ni pati, bwana, mengine mbwembwe." Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Mark Broadie, aliyekaa akachambua mikwaju mingi mno, ya mafundi na ya watu kama wewe na mimi. Aligundua kwamba kama theluthi mbili ya tofauti inatokana na mikwaju ya mbali, ile ya zaidi ya yadi 100. Kwenye pati tofauti ipo, ila si kubwa kama wanavyodai: wachezaji wa PGA Tour, ile ligi ya wanaolipwa ya Marekani, wakiwa futi 8 kutoka shimoni wanaingiza nusu na kukosa nusu. Mtu wa 90 anafikia hiyo nusu akiwa futi 5. Futi tatu tu, Hamisi! Lakini kwenye draiva, wale wanapeleka mpira karibu yadi 300. USGA wanapopima ugumu wa uwanja wana mfano wao wa mchezaji wa bogi, mwanamume mwenye handikepi ya kama 20, na huyo wamempa yadi 200. Si 250 za baani.

Mwambie na shemeji, kwa kuwa umeniandikia naye ameanza, asijipime kwa mikwaju yako. Viwanja vingi vimepangwa kwa urefu wa mwanamume, na mwanamke anayeanza analazimika kutumia mbao, ile fimbo ya masafa marefu, kwenye mkwaju wa pili wa kila shimo. Huo ni upangaji mbaya wa viwanja, wala si udhaifu wake. Aanzie kwenye alama za kuanzia zilizo mbele kabisa bila kuomba radhi kwa mtu.

Sasa nikueleze zile 82 zinavyotengenezwa, maana nimezishuhudia zikitengenezwa. Bwana mkubwa anapiga mkwaju wa kwanza, mpira unaingia porini. Tunatafuta, haupo. Kanuni inataka arudi alipopigia na mpira mwingine, na mkwaju wake unaofuata ni wa tatu. Yeye hataki kurudi, jua kali, wa nyuma wanasubiri. Anadondosha mpira palepale kwenye nyasi nzuri, anapiga, anauita huo wa pili. Mikwaju miwili imeyeyuka. Anafika grini, zile nyasi fupi zenye shimo, pati ya kwanza inapita shimo kwa mita moja na nusu. Mwenzake anasema, "Hiyo imeingia, okota." Anaokota. Kalamu ikitoka anasema, "Nipe tano." Mimi nimehesabu nane. Kedi atabishana? Kedi analipwa mwisho wa raundi.

Ongeza pale mwanzoni mkwaju wa kwanza unaorudiwa kwa sababu "sijapasha misuli", na ule mguu unaosogeza mpira kidogo kutoka nyuma ya mti. Sisemi watu ni wezi. Wengi wao wanaamini kabisa hiyo tano. Ukiwahoji njiani kuelekea nyumbani watakupa shimo zima, mkwaju kwa mkwaju, na zote zitatimia tano.

Lakini lililo tamu zaidi ni kwamba mtu huyohuyo ana uongo wa pili unaoelekea upande mwingine. Subiri siku ya mashindano yenye zawadi za televisheni na tiketi ya ndege. Wanacheza Stableford, ule mtindo wa pointi uliochezwa mashindanoni mara ya kwanza mwaka 1932 pale Wallasey, Uingereza, uliobuniwa na daktari Frank Stableford ili shimo moja baya lisimharibie mtu siku nzima. Handikepi ikiwa kubwa unapewa nafuu kubwa ya mikwaju, na ukicheza sawasawa na handikepi yako unapata pointi 36. Basi bwana mkubwa wa 82 anajitokeza na handikepi ya 24, anarudisha kadi ya pointi 44, na watu wanapiga makofi wakiangaliana. Kwenye baa ni fundi, kwenye meza ya zawadi ni mnyonge. Ndiyo maana ukiniuliza mchezaji wa kawaida ana uwezo gani hasa, sitakupa alichosema wala kilichoandikwa kwenye kadi. Nitamuuliza kedi wake, tena wakati bwana hayupo.

Kuhusu 118 yako. Kwanza, uliihesabu yote? Unavyonieleza, ulirudi kupiga tena kila ulipopoteza mpira, na pati zote ulizimalizia. Basi hiyo ni namba ya kweli, na watu wenye namba ya kweli uwanjani ni wachache. Pili, kikomo cha handikepi siku hizi ni 54, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Wewe umezidi kiwango kwa 46. Umo ndani na nafasi imebaki. Tatu, ulijifunzia huku kwetu, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka. Pale Dar uko usawa wa bahari. Fimbo ileile itakupungukia yadi kadhaa, kwa hiyo chukua fimbo inayofuata, inayopeleka mpira mbali zaidi, usiongeze nguvu. Nguvu ndiyo inayokupeleka porini.

Ukitaka mikwaju ishuke haraka, fuata hesabu ya yule profesa. Usikeshe kwenye pati peke yake. Tafuta fimbo moja ambayo mpira ukiupiga unabaki uwanjani, hata ikiwa ni chuma cha saba kinachokwenda yadi 130, ianzie hiyo pale ambapo draiva inakutia hasara. Watakucheka kwa mashimo matatu, halafu wataanza kutafuta mipira yao.

Na hao wa ofisini, waombe raundi moja ya kubadilishana kadi, wewe uandike yake, yeye aandike yako, kwa kanuni zote. Usiseme neno, usimsute mtu. Andika tu unachokiona.

Nitashuka Dar mwezi wa nane kwa ajili ya harusi ya binamu, na fimbo nitakuja nazo, zile saba tu ninazozijua. Niwekee nafasi ya asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, na unitafutie kedi mzee. Vijana wanaogopa kuhesabu.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Elia