Kesi za ubakaji huharibika kabla ya kufika kortini

Mhariri,

Kila habari ya ubakaji inapotoka, wasomaji hudai adhabu kali zaidi. Sisi tunaofuatana na manusura hospitalini, polisi na mahakamani tunaona kesi zikiharibika mapema mno, ndani ya siku tatu za kwanza, tena mikononi mwa watu wenye nia njema.

Jamaa humhimiza manusura aoge, nguo wakazifua, na ushahidi ukapotea. Wengine huzitia kwenye mfuko wa plastiki: unyevu hubaki ndani, ukungu huota, vinasaba (DNA) huharibika. Nguo zilizolowa zikaushwe bila jua wala moto, kila moja itiwe kwenye mfuko wake wa karatasi, na kila anayeupokea aandike jina, tarehe na saa. Pengo moja hapo linamtosha wakili wa utetezi. Aliyekwisha kuoga aende hospitalini vilevile. Daktari bado ana cha kupima na kuandika.

Matibabu yasisubiri uamuzi wa kushtaki. Dawa za kukinga VVU huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Za kuzuia mimba ndani ya siku 5, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Ripoti ya daktari isiishie kwenye "hakuna jeraha". Wengi waliobakwa hawana jeraha linaloonekana, na daktari asipolieleza hilo, mahakama itaelewa vingine.

Kinachotukera zaidi ni uandikaji wa maelezo. Kwa hofu mwili huganda, na kumbukumbu hurudi vipande vipande. Mpelelezi aking'ang'ania saa na dakika, manusura hukisia ili yaishe, na kisio hilo ndilo atakalobanwa nalo kizimbani. Aachwe asimulie kwa maneno yake, asichokumbuka kiandikwe kuwa hakumbuki, kisha asomewe yote kabla ya kutia sahihi. Msindikizaji naye asiwe mtu atakayeitwa kutoa ushahidi, maana shahidi hungoja nje hadi zamu yake, na manusura ataingia peke yake siku anayomhitaji zaidi.

Halafu kesi huahirishwa, mara ya pili, mara ya tano. Nauli huisha, mwajiri hununa, jamaa wa mshtakiwa huja na bahasha. Wanaodai vifungo virefu wadai pia fungu la nauli za mashahidi, na mlango wa pili kortini ili manusura asipishane na mshtakiwa kwenye korido.